Mwaka Babu Alipokataa Isale

Desemba iliyopita nilikataa isale mbele ya ukoo mzima, na tangu siku hiyo kundi letu la familia kwenye simu hunyamaza kila ninapoandika neno, kama sebule anapoingia mtu aliyekuwa akisengenywa. Kwa asiyetoka mlimani kwetu nieleze kidogo. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba na kahawa. Mtu akikukosea, akachuma isale akakuletea, mila inakutaka umsamehe. Haikuulizi kama uko tayari. Anayelikataa huonekana mbaya kuliko aliyekosa, na kwa kuwa sisi ni Walutheri wa siku nyingi, laana inayomwangukia tumeitafutia majina ya kikanisa, lakini ni ileile waliyoiogopa wazee kabla Biblia haijapanda mlima.

Tulikuwa tumekusanyika nyumbani kama watu wa kwetu wanavyorudi kila mwisho wa mwaka, magari yamebanana kati ya migomba, watoto wa Dar wanalalamika baridi. Binamu zangu walikuwa wameweka jiwe jipya juu ya kaburi la Babu, jeusi, linalong'aa, lenye maandishi ya rangi ya dhahabu: SHUJAA WA VITA. Fulana zilishonwa zenye sura yake. Mshereheshaji alikodiwa kutoka mjini Moshi, kijana mwenye viatu vyeupe, akasimulia ukoo wetu kwa muda mrefu sana na kwa ujasiri wa mtu asiyeujua. Kisha akasimama Godlisten, mjukuu wa Meku Filipo, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji. Meku ndivyo tunavyowaita wazee wa kiume. Godlisten ana kampuni ya kupandisha watalii mlimani, na amezoea kuongea kama mtu anayepigwa picha, maana kwa kawaida anapigwa. Alishika isale lililofungwa utepe wa buluu. Akasema babu zetu wawili walikwenda vitani bega kwa bega, wakatofautiana kidogo kama wanadamu, wakasameheana, na sisi wajukuu leo tunafunga upya agano lao. Akaja mpaka nilipokaa, kwa sababu mimi ndiye mjukuu mkubwa, akaninyooshea jani. Simu zote zikageuka kwangu. Mimi nilikuwa na sahani ya nyama mapajani.

"Shangazi, pokea," akasema kwa sauti ya chini, akiendelea kutabasamu.

"Unaona nakula," nikamwambia, nikaendelea kula.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na ushee. Nafundisha chuo kikuu, naandika makala zinazosomwa na mhariri peke yake, na hata huyo mhariri nina mashaka naye. Sina historia ya ushujaa. Kwenye vikao vya idara huwa nakubaliana na msemaji wa mwisho. Lakini siku ile nilikula ile nyama mpaka mfupa, mbele ya watu wote, na nilipomaliza nikaunyonya. Binamu yangu aliniambia baadaye kwamba nimemwaibisha Babu kaburini. Nimeamua kuandika haya kwa sababu ya neno hilo. Mambo ya nani alimzaa nani nayaacha, mshereheshaji aliyamaliza. Nitaeleza mwaka mmoja tu, niliokaa na Babu nikiwa na miaka kumi na saba.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kufeli Hisabati na Fizikia kwa kiwango ambacho mwalimu mmoja alisema kinahitaji kipaji. Wazazi wangu, waliokuwa wakiishi Moshi mjini, waliamua nipande kwa Babu na Bibi, nijisomee nirudie mitihani, na wakati huohuo niwakatie ng'ombe majani. Majani yalipata muda mwingi kuliko Fizikia. Nyumba ilikuwa ya matofali na paa la bati, sebule yake ina viti vya mbao vilivyovalishwa vitambaa vya kufuma, na redio nayo imevalishwa, kana kwamba kila kitu kinajiandaa kwenda kubatizwa. Nyuma yake lilikuwepo jiko, jeusi kwa moshi, ambako maisha yenyewe yaliendelea. Na nyuma ya jiko banda la ng'ombe, lililoezekwa kwa nyasi. Masika yote Babu alilala bandani. Mvua ya mlimani ikikutana na bati inapiga kelele mpaka watu wanaongea kwa mikono, na Babu hakuiweza sauti hiyo. Alisema inasema kama Bama. Hivyo ndivyo alivyoitamka Burma, nchi ambako Waingereza walimpeleka kupigana na Wajapani, akiwa askari wa Keya, jeshi lao la Waafrika. Kwa hiyo mawingu yakishuka alibeba blanketi lake akaenda kulala na ng'ombe, na Bibi, akisonga kiburu cha ndizi na maharage, alisema kila mara maneno yaleyale: "Niliolewa na mwanamume. Masika naletewa ndama."

Babu hakuwa na hadithi za vita. Wajukuu wengine waliokuja likizo walimwomba awaeleze alivyoua Wajapani, naye akawaeleza kuhusu ruba, jinsi wanavyoingia kwenye viatu na kunona humo, mpaka watoto wakakosa hamu wakaondoka. Kazi yake kule ilikuwa kubeba majeruhi kwenye machela. Hilo nililijua. Jambo kubwa sikulijua mpaka Bibi aliponituma kwa Meku Filipo kuazima kinu. Sebuleni kwao, juu ya kabati la vyombo, nikaona nishani ya vita kwenye fremu ya kioo, na utepe wake. Meku Filipo alikuwa kwenye kiti chake, miguu imevimba, imewekwa juu ya kigoda. Alikuwa mzee wa kanisa mstaafu, mwenye kahawa nyingi na sauti nzuri ya besi. Akaniuliza Babu hajambo, nikasema hajambo, akatazama dirishani. Niliporudi nikamkuta Babu anakatakata mgomba wa kumlisha ng'ombe. Nikamuuliza kwa nini Meku Filipo ana nishani na yeye hana. Aliendelea kukata mpaka mgomba ukaisha.

"Ile ni yangu," akasema. "Ina jina lake."

Akanieleza hapohapo, amesimama, panga mkononi, kwa sauti ya mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni. Wakati wa vita baba yake Filipo alikuwa mchili, yaani msimamizi wa mtaa aliyewekwa na Mangi, chifu wetu. Aliamriwa atoe vijana wa jeshi, na kwanza amtoe wa nyumbani kwake ili watu wasinung'unike. Filipo ndiye alikuwa wa kwenda. Mchili akamwita Babu, mtoto wa mjane, akamtwisha gunia la kahawa alipeleke bomani mjini. Akamwambia utarudi kesho.

"Nilipotua gunia, karani akauliza jina," Babu akasema. "Kabla sijafungua mdomo mchili akajibu, 'Huyu ni Filipo, mwanangu.'"

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilikuwa nahema. Ukibeba gunia kutoka huku mpaka bomani, kwanza unahema. Nilipomaliza kuhema nilikuwa Filipo."

Vita vyote aliitwa Filipo. Wazungu walimwita Filipo, wenzake walimwita Filipo, na nishani ilipotumwa baada ya vita ilipelekwa kwa mwenye jina. Alikuwa na rafiki Mnyamwezi aliyepigwa risasi tumboni, akambeba kwenye machela siku nzima kwenye matope, na yule rafiki kila mara alikuwa akimuuliza, Filipo, tumefika? Alikufa akiuliza. "Nilitaka kumwambia naitwa Eliamani," Babu akasema, "lakini si wakati wa kumchanganya mtu." Nilidhani hapo ndipo kwenye kidonda. Hapakuwa hapo. Mama yake aliambiwa na mchili kwamba mwanawe hakulifikisha gunia, ametoroka na vijana wengine kwenda kwenye mkonge Tanga. Mtaa mzima uliambiwa hivyo. Yule mama alikufa kabla vita havijaisha, na alikufa akijua amezaa mtoro na mwizi wa kahawa. Babu aliporudi alipita kwanza kaburini, kisha nyumbani kwa mchili, akamkuta naye amekwisha kufa. Filipo alikuwa ameoa. Alimkaribisha pombe ya mbege. "Nilikunywa," Babu akasema. "Nilikuwa na kiu."

Nikiwa na miaka kumi na saba nilidhani hasira ni kupiga kelele. Nililala usiku ule nikipanga jinsi ya kwenda kuchukua ile fremu kwa nguvu. Asubuhi nilimkuta Babu anamkamua ng'ombe, anamwimbia wimbo wa kanisani, na nikafikiri pengine yaliisha. Nilikuwa mjinga kwa namna ambayo vitabu havisaidii. Hasira yake haikuwa na sauti kwa sababu ilikuwa imekaa. Ilikuwa na kiti chake ndani ya nyumba ile kama mtu wa familia, na Bibi alikuwa akiizunguka anapofagia.

Masika yalipokuwa yanakatika walikuja wazee wawili wa kanisa, na isale. Meku Filipo alikuwa anazidiwa. Hakulala, alisema anaona watu, na watoto wake waliogopa kwamba hatakufa vizuri. Mimi nilikuwa jikoni nikikoroga mtori wa ndizi, na ukuta wa mbao kati ya jiko na sebule ulikuwa na nyufa za kutosha.

"Shikamoo Meku."

"Marahaba. Karibuni. Mmekuja na majani, ng'ombe wangu wanakula vizuri tu."

Walicheka kidogo, kwa adabu. Mmoja akasema, "Meku, tumetumwa na mwenzako. Anasema yaliyopita yamepita. Anaomba msamaha kwa yote."

"Yote yapi?"

"Yote, Meku. Kwa ujumla."

"Kwa ujumla hakunikosea. Alinikosea kwa jambo moja, na analijua. Aje alitaje."

"Mzee hawezi kutembea."

"Basi wambebe. Mimi nimebeba watu, najua inawezekana. Aje hapa, watu wawepo, aseme baba yake alifanya nini na mama yangu aliambiwa nini. Akisema nitalipokea hilo jani kwa mikono miwili na kuku nitachinja."

Yule wa pili akasema taratibu, kama anayemshika mtu mkono asianguke, "Meku, unataka mtu amvue nguo baba yake marehemu hadharani?"

"Mama yangu yuko uchi mpaka leo," Babu akasema. "Kunyweni mtori."

Wakanywa mtori, wakaondoka na isale lao. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umejua kwamba Eliamani amekataa isale. Hakuna aliyeuliza isale la nini. Jambo hilo bado linanichoma kuliko yote, na nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiria. Nimesoma vitabu vingi kuhusu upatanisho, nimehudhuria warsha zenye chai na vitafunio, na popote pale nimekuta kwamba aliyekosa hutafutwa kwa upole, na aliyekosewa ndiye husukumwa. Mkosaji akisema "kwa ujumla" anaonekana mnyenyekevu. Aliyeumizwa akiomba jambo litajwe anaonekana ana roho ngumu. Dukani nikienda kununua chumvi wanawake walipunguza sauti. Bibi katika umoja wa akina mama aliwekwa kwenye maombi, kwa jina, akiwa amekaa palepale.

Mchungaji mwenyewe alikuja wakati wa baridi, siku za ukungu zisizo na jua. Bibi alimpikia ndizi na nyama, akampa kiti kisicho na mguu mbovu. Alikuwa mtu mpole na nadhani aliamini alichosema, jambo ambalo halinisaidii hata leo. Alisema Bwana wetu msalabani hakuwauliza maswali waliomkosea. Babu akasema Bwana wetu alikuwa anawajua waliompigilia misumari, wamesimama pale mbele yake. Mchungaji akasema msamaha ni zawadi. Babu akasema zawadi hailetewi barua ya wito. Nilicheka jikoni, Bibi akanipiga na mwiko begani, kisha nikaona anafuta macho kwa ncha ya kanga. Mgeni alipoondoka, baada ya kuonya kwamba baraza linaweza kumtenga Babu, Bibi aliingia sebuleni na kusimama.

"Baba Anna," akamwambia, "mimi nitazikwa na kengele. Wewe watakuzika kimya kama mbwa. Nitalala karibu na mtu aliyezikwa kimya?"

"Si utakuwa umekufa, Mama Anna. Hutaisikia wala yako wala yangu."

"Nitajua."

Hilo ndilo lililokuwa mezani mwaka ule. Katika usharika wetu aliyetengwa na Meza ya Bwana hakupigiwa kengele akifa, mchungaji hakuja, kwaya haikuja. Watu wa nyumbani walichimba wakafukia. Bibi alikuwa amevumilia masika yote na banda la ng'ombe na ile hasira iliyokaa sebuleni, na kitu alichotaka ni kile tu: mlio wa chuma juu ya migomba, utakaowaambia watu wamempoteza mtu. Babu alikuwa akimpenda. Nilimwona akitoka usiku ule kwenda kusimama nje kwenye baridi muda mrefu.

Meku Filipo alifariki wakati wa kuchuma kahawa. Hakuja, na hakutaja. Kengele yake ililia mpaka masikio yakachoka. Kwenye wasifu uliosomwa kanisani alitajwa kuwa askari wa Vita Kuu, na ile fremu ilibebwa na mjukuu mbele ya jeneza. Babu alihudhuria. Alivaa koti lake, akasimama nyuma, na jina lake aliloitwa kule Bama liliposomwa kuwa la marehemu, nilimwona akipiga hatua moja mbele, kama aliyeitwa. Wiki iliyofuata baraza la wazee lilimtenga. Sababu iliyosomwa ilikuwa kwamba amemwacha ndugu aende kaburini bila amani. Filipo alikuwa amepata kengele, kwaya na nishani. Babu akapata tangazo.

Mlango wa kurudi ulikuwepo, na ulikuwa wa aibu makusudi. Aliyetengwa alirudi kundini kwa kusimama mbele ya usharika Jumapili, kutaja dhambi yake, na kuwekewa mkono. Kwa kawaida waliosimama pale ni wasichana waliopata mimba na wavulana waliosaidia. Babu alipomwambia Bibi kwamba atasimama, Bibi alikaa chini kwenye kigoda na kumenya ndizi nyingi kuliko watu tuliokuwepo. Mimi nilimkasirikia. Nilimwambia Babu hivyo, uso kwa uso, kwamba anawapa ushindi.

"Wakati wa kurudi kundini mchungaji anauliza nini?" akaniuliza.

"Anauliza unatubu nini."

"Na mtu anafanya nini?"

"Anajibu."

"Basi," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Ilikuwa Jumapili ya Majilio. Kanisa lilijaa kwa sababu ndiyo miezi watu wa mjini wanaanza kurudi, na kwa sababu habari ilikuwa imesambaa. Watu wa kwetu wanampenda Mungu, na umbea pia hawauchukii. Babu alisimama mbele pamoja na wasichana wawili na kijana mmoja aliyekuwa akitazama viatu vyake. Wao walitubu kwa sauti ndogo, wakamaliza. Mchungaji akamgeukia.

"Ndugu Eliamani, unatubu nini mbele za Mungu na usharika huu?"

"Natubu kutosamehe," Babu akasema. Mchungaji akainua mkono amwekee kichwani. Babu akaendelea. "Na ili usharika ujue ninatubu nini, lazima ujue niliambiwa nisamehe nini. Mwaka wa vita, mchili wa mtaa huu—"

Mchungaji aliwatazama wapiga tarumbeta. Kwetu kila usharika una matarumbeta yake, na ya kwetu yalikuwa na nguvu. Yakalipuka. Watu wakasimama kuimba, maana ndivyo mwili ulivyozoea. Babu hakuongeza sauti. Alinyamaza, akaweka mikono nyuma, akasimama wima kabisa, na hapo tu katika maisha yangu nilimwona akisimama kama askari. Ulikuwa wimbo wenye beti nyingi. Baada ya beti chache sauti za watu zikaanza kupungua, kwa sababu kila mmoja alitaka kusikia alichotaka kusema na alijua hawezi kusikia huku anaimba. Mwishoni walibaki wapiga tarumbeta peke yao, mashavu yamevimba, macho mekundu, na beti zikaisha. Mpigaji mkuu akamtazama mchungaji kuuliza kama aanze tena. Hakuwa na pumzi.

Babu akasema, "Sijamaliza."

Akasema yote kwa maneno machache. Gunia. Boma. Jina. Akasema aliyeitwa Filipo kule Bama ni yeye, na rafiki yake aliyekufa anaweza kushuhudia, ila hayupo. Akasema, "Mama yangu hakuzaa mtoro. Kahawa ilifika." Akamgeukia mchungaji. "Hayo ndiyo niliyokataa kusamehe kwa ujumla. Natubu." Kisha akainamisha kichwa kuwekewa mkono, na mchungaji, ambaye hakuwa na la kufanya, akaweka mkono.

Nje baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka kama kawaida. Mzee mmoja wa kanisa ameinua jogoo kwa miguu, watu wanashindana kumnunua, na walikuwa wakishindana kwa bidii ya ajabu ili wasimtazame Babu. Ndipo nikamwona Bibi Ruti, mjane wa Meku Filipo, akikata njia katikati ya watu kwa fimbo yake. Kwenye ua wa kanisa alivunja isale. Mwanawe mkubwa, baba yake Godlisten, alimfuata akimshika kanga.

"Mama, twende. Jua kali."

"Jua nimelizoea," akasema, asigeuke.

Alisimama mbele ya Babu. Wote wawili walikuwa wafupi kwa uzee. Yule mwenye jogoo akanyamaza, jogoo akabaki ananing'inia.

"Eliamani," akasema. "Baba mkwe wangu alikupeleka vitani kwa jina la mwanawe. Mume wangu alijua. Mimi niliambiwa nilipoolewa, nikanyamaza. Mama yako alipokuwa analia, mimi nilimpelekea mtori, nikamwambia avumilie, vijana wa siku hizi ni watoro. Alinishukuru. Alinirudishia bakuli limeoshwa." Akanyoosha jani. "Kosa langu ndilo hilo."

Babu alilipokea kwa mikono miwili. "Aika," akasema, asante, kwa lugha ya nyumbani. Hawakukumbatiana, hakuna aliyelia kwa sauti. Baada ya muda mtu fulani nyuma akapandisha bei ya jogoo, na mnada ukaendelea.

Kengele ya Babu ililia miaka michache baadaye, na Bibi akaisikia, akahesabu milio yake akiwa ameketi kwenye mkeka wa msiba, ameridhika. Waliokuwepo kwenye ule mnada wengi wamekwisha kwenda. Waliobaki wanakumbuka jani. Wanakumbuka mzee na bibi kizee, isale, Majilio, vizuri sana, na kila mwaka habari inazidi kulainika, mpaka mwaka jana ikafika mahali ambapo wazee wawili walikwenda vitani bega kwa bega. Fremu bado iko juu ya kabati kwa akina Godlisten. Watalii huonyeshwa. Jiwe letu la shujaa halisemi alikuwa shujaa kwa jina la nani, na niliposhauri tuandike, binamu yangu mchumi, mwenye shahada nyingi kuliko mimi, alisema tusiharibu Krismasi ya watu. Godlisten ni kijana mwenye adabu, na sidhani alidanganya. Alipewa jani ambalo maneno yake yalikuwa yamechunwa zamani. Lakini mimi nilikuwa kwenye benchi la pili na nilikuwepo pale mnadani, na sitalipokea likiwa hivyo. Niiteni na mimi mbele ya usharika.

Siku ile tulirudi nyumbani kwa miguu, Bibi ametangulia, anatembea haraka kama msichana, anasalimia kila mtu barabarani. Babu alibeba isale lake mkononi, hakujua alifanyie nini. Nilikuwa na furaha, na nilitaka mambo yafungwe vizuri, kama mtu aliyesoma riwaya nyingi na Fizikia kidogo.

"Kwa hiyo umesamehe, Babu?"

"Ruti, ndiyo. Amesema."

"Na Meku Filipo?"

"Filipo hakuja."

"Lakini amekufa, Babu."

"Najua amekufa," akasema. "Hakuja."